Anwani si Mtu: Mhadhara kuhusu Tovuti Zinazotushuku



Mliponialika nizungumzie usalama wa tovuti, nadhani mlitarajia habari za wadukuzi. Zitakuwemo, lakini leo nataka tumtazame mtu ambaye hakudukua chochote. Ni binti anayejaza fomu ya mkopo wa chuo kwa simu yake saa tatu usiku. Ni wakala wa forodha anayefuatilia kontena, au mwalimu anayetafuta makala ya kufundishia. Anabonyeza kiungo, na badala ya ukurasa aliouomba unamjia ukurasa mweupe unaomwambia kwa Kiingereza kwamba mtandao anaotumia una mwenendo wa kutiliwa shaka, hivyo athibitishe kuwa ni binadamu. Anatia tiki kwenye kisanduku. Kiduara kinazunguka. Anaambiwa achague picha zote zenye bomba la zimamoto. Anachagua, zinaletwa nyingine. Mwisho anaambiwa ajaribu tena baadaye, na dirisha la maombi linafungwa saa sita usiku.

Katika picha za namna hiyo, basi la njano la wanafunzi tunalo, na zebra za kuvukia barabara tunazo. Lakini lile bomba fupi jekundu linalosimama pembeni mwa mitaa ya Marekani, mtu wa Sumbawanga angelijulia wapi kama si kwenye sinema?

Hoja yangu leo ni hii: anwani ya IP, ile namba unayojia nayo mtandaoni, si mtu. Tovuti nyingi humhukumu mgeni kwa anwani aliyojia nayo, na hukumu hiyo huwaelemea zaidi waliochelewa kuingia kwenye intaneti, yaani sisi. Mtumiaji ana mambo ya kufanya, nami nitayataja. Hata hivyo, anayeweza kulimaliza tatizo ni mwenye tovuti, na nyuma yake kampuni ya mtandao.

Tuanze na hesabu. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, zina biti 32, kwa hiyo haziwezi kuzidi 4,294,967,296 dunia nzima. Zamani zilionekana nyingi mno, zikagawiwa kwa ukarimu wa ajabu: chuo kimoja cha Marekani, MIT, kilipata fungu la anwani zaidi ya milioni 16. Tarehe 3 Februari 2011 hazina kuu inayosimamiwa na IANA iligawa mafungu matano ya mwisho, moja kwa kila kanda ya dunia. Kanda yetu inahudumiwa na AFRINIC, yenye ofisi zake Ebène, Mauritius. Tangu Januari 2020 kampuni inayoomba anwani huko haipewi zaidi ya 1,024 kwa ombi moja. Sasa fikirini kampuni ya simu yenye wateja milioni kadhaa ikipeleka ombi hilo.

Na hata kilichokuwepo hakikulindwa vizuri. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba anwani zaidi ya milioni nne zilizokuwa chini ya uangalizi wa AFRINIC zilikuwa zimechepushwa, na baadhi zikaishia mikononi mwa watuma barua taka. Anwani iliyotumika hivyo hata ikirudi hurudi na jina baya. Mnaosikia habari za kesi za AFRINIC kuhusu anwani mahakamani Mauritius mkadhani ni ugomvi wa wakubwa usiowahusu, ujueni unafika hadi kwenye simu zenu.

Kampuni zikafanya nini kwa uhaba huo? Zikaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kila simu hupewa anwani ya ndani, na mashine iliyo mlangoni mwa mtandao huzibadilisha zote ziwe anwani moja ya nje. Aprili 2012 lilitengwa fungu maalumu kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Mnaweza kulishuhudia hapo mlipokaa. Zima Wi-Fi ili utumie bando lako, fungua mipangilio ya simu, nenda sehemu ya kuhusu simu, utafute anwani ya IP. Wengi wenu mtakuta inaanzia na 10 au 100. Kisha fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani ya mgeni wake: utaona nyingine kabisa. Hiyo ya pili ndiyo ambayo dunia inakujua kwayo, na sasa hivi mnaitumia wewe na mamia ya watu, pengine maelfu, ambao hujapata kuwaona.

Wanaoishi nyumba za kupanga zenye mita moja ya maji watanielewa upesi. Mpangaji wa chumba cha uani anaosha magari ya watu usiku kucha, bili inapanda, mamlaka inakuja kukata maji. Inachokiona ni mita tu. Mama wa chumba cha mbele mwenye ndoo mbili haonekani popote kwenye hesabu hiyo.

Jina baya la anwani hutokana na nini? Kazi ya kuziwekea anwani kumbukumbu ilianza kwa sababu ya barua taka. Spamhaus ilianzishwa London mwaka 1998 kuorodhesha anwani zinazozituma. Mwaka 2004 ukaja Project Honey Pot, mradi uliotega mitego kwenye kurasa za watu ili kunasa programu zinazokusanya anwani za barua pepe. Kutokana na mradi huo ilizaliwa Cloudflare, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2010, na leo sehemu kubwa ya zile kurasa nyeupe ni zake. Siisemi kwa ubaya. Bila walinzi kama hao tovuti ndogo isingemaliza wiki ikiwa hewani.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Julai 2023 huduma za serikali ya Kenya kwenye eCitizen zilikwama kwa siku kadhaa baada ya kufurikishwa na maombi ya uongo, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitangaza kuwa ndilo lililofanya. Oktoba 2024 Marekani iliwafungulia mashtaka ndugu wawili raia wa Sudan. Katika mashtaka hayo kuna jambo ambalo kila mwenye tovuti anapaswa kulisoma mara mbili: silaha waliyodaiwa kuitumia ilitegemea seva, na si simu na kompyuta za raia zilizotekwa. Mafuriko ya aina hiyo hutoka kwenye vituo vya seva za kukodi, lakini fundi mwenye hofu akishakumbwa nayo hukaza masharti kwa kila anayekuja, na wa kwanza kugonga ukuta ni mwenye bando.

Wapo pia wahalifu wanaojificha kwenye laini zetu wenyewe. Mei 2024 Marekani ilitangaza kuuvunja mtandao ulioitwa 911 S5, uliokuwa umenasa anwani zaidi ya milioni 19 katika nchi karibu 200. Watu waliingiaje mtegoni? Walipakua VPN za bure, miongoni mwake MaskVPN na DewVPN. Mtu alidhani amepata njia ya siri ya kupitia. Kumbe laini yake ya nyumbani ilikuwa inapangishwa kwa matapeli, wakifanya uhalifu kwa jina la anwani yake. Juni 2025 FBI ilionya kuhusu BADBOX 2.0, na Julai Google ikafungua kesi ikitaja vifaa zaidi ya milioni 10. Vingi ni visanduku vya Android vya kuchomeka kwenye tivii, vile vya bei poa visivyo na jina, ambavyo huja na programu haramu tangu kiwandani au huipata wakati wa kuviwasha mara ya kwanza. Kiongozi wa familia ananunua kimoja ili watoto waone katuni, na mwezi haujaisha kila mtu wa nyumba hiyo anaulizwa kama ni binadamu.

Na kuna sababu ya tatu, isiyo na mhalifu hata mmoja: wingi wetu. Siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, watu nchi nzima hufungua ukurasa uleule ndani ya saa moja kwa laini za kampuni chache. Seva iliyofundishwa kwamba anwani moja ikiomba kurasa mia kwa dakika ni roboti, itasema ni roboti. Mwaka 2025 wahandisi wa Cloudflare walichapisha uchunguzi wao wenyewe juu ya anwani hizi za kushirikiana. Waligundua kwamba huwekewa kikomo cha maombi mara tatu zaidi ya anwani nyingine, ilhali dalili za roboti ndani yake hazikuwa nyingi zaidi. Nawapongeza kwa kulisema. Watu wa huku tulilijua mwilini muda mrefu.

Sasa jaribio lenyewe, kapcha. Jina hilo lilitungwa mwaka 2003 na watafiti wakiwemo Luis von Ahn na Manuel Blum wa Carnegie Mellon. Mwaka 2007 von Ahn na wenzake wakaja na reCAPTCHA, iliyowafanya watu wasome maneno ambayo kompyuta ilishindwa kuyasoma katika magazeti ya zamani ya New York Times, na Google ikainunua mwaka 2009. Ilikuwa akili nzuri kwelikweli. Lakini zama zimepita: utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kuwa programu za kompyuta hutatua kapcha haraka na kwa usahihi kuliko binadamu. Kwa hiyo picha zinampima nani? Ndiyo maana siku hizi tiki yenyewe ni kisingizio. Kinachopimwa hasa ni kivinjari chako, vidakuzi vyake, na anwani uliyojia. Toleo la 2018 la reCAPTCHA halikuulizi chochote, linakupa tu alama kati ya 0 na 1, na mwenye tovuti ndiye anayeamua nani aingie. Mwenye simu ya zamani, mwenye desturi ya kufuta kila kitu ili apate nafasi, na hasa asiyeona, ambaye hutegemea kapcha ya sauti ya Kiingereza iliyojaa mikwaruzo, wote huanza wakiwa nyuma.

Basi ukikutana na ukurasa huo ufanye nini? La kwanza ni kutobonyeza tena na tena kwa hasira. Kila unavyorudia ndivyo unavyofanana na roboti. Kama una VPN, izime ujaribu bila hiyo. Nafahamu kwamba hapa Tanzania VPN ni jambo lenye uzito wake, na Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaozitumia wajisajili. Mimi nazungumzia ufundi tu: seva ya VPN hutumiwa na umati, na nyingi zimeshaorodheshwa zamani. Opera Mini nayo, tunayoipenda kwa kubana bando, hupitisha kurasa kwenye seva za Opera wenyewe, hivyo tovuti haioni anwani yako, inaona yao. Kwa fomu muhimu tumia kivinjari kingine kilichosasishwa, uruhusu vidakuzi, uzime vizuia matangazo kwa muda. Tazama saa na tarehe ya simu. Mtacheka, lakini simu iliyolala bila chaji ikaamka na tarehe ya mwaka mwingine hukwama kwenye majaribio haya, maana vibali vya usalama vina muda wa kuanza na kuisha.

Kama unatumia laini ya simu, washa hali ya ndege kwa nusu dakika kisha izime. Mara nyingi mtandao hukupangia anwani nyingine ya nje, na tatizo likaisha hapohapo. Hiyo si hila. Ni ushahidi kwamba hukuwa wewe. Kwa ruta ya nyumbani au ya ofisi kuna kazi zaidi. Badilisha nywila iliyokuja na ruta. Mwaka 2016 programu haramu iitwayo Mirai iliteka vifaa kwa mamia ya maelfu kwa kujaribu nywila za kiwandani zipatazo sitini tu. Sasisha programu endeshi yake. Chomoa kile kisanduku cha tivii kwa siku mbili uone.

Unaweza pia kuingiza anwani yako kwenye ukurasa wa ukaguzi wa Spamhaus. Lakini usome vizuri kabla ya kuogopa. Wengi hukuta anwani yao kwenye orodha iitwayo PBL wakaja mbio kwa fundi. PBL si tuhuma. Inasema tu kwamba anwani ya aina hiyo haitarajiwi kutuma barua pepe moja kwa moja, na anwani za majumbani karibu zote zimo. XBL ndiyo ya kushtukia, kwa kuwa inaonyesha kifaa kilichoambukizwa. Ukiomba kuondolewa kabla hujakisafisha kifaa hicho, utarudishwa.

Ukizuiwa kabisa, tazama chini ya ukurasa. Kwenye kurasa za Cloudflare kuna maneno Ray ID na mbele yake mfuatano wa herufi na tarakimu 16. Piga picha ya skrini ukiwa na saa uliyozuiwa, umtumie mwenye tovuti. Malalamiko ya "tovuti yenu inanikataa" hayana pa kuanzia. Namba hiyo humwezesha fundi kuona ni sharti lipi lililokukamata na kwa nini.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko sehemu nyingine zote. Matapeli wameona jinsi tulivyozoea kutii kurasa hizi, wakatengeneza za bandia. Ukurasa unafanana kabisa: kisanduku, nembo, kiduara. Ukishatia tiki unaambiwa kwamba ili kumaliza uthibitisho ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukifanya hivyo umebandika na kuendesha amri waliyokwisha kuiweka kwenye ubao wa kunakili wa kompyuta yako. Programu kama Lumma, inayoiba nywila na vidakuzi vya benki, imesambazwa sana kwa njia hiyo. Jaribio la kweli huishia ndani ya kivinjari. Likikutaka utoke nje yake, uandike amri, upakue faili au utume ujumbe wa simu wa kulipia, funga ukurasa. Waambieni hivyo makarani wa ofisi zenu kesho asubuhi, na watu wa steshenari zenu wanaosaidia kujaza fomu.

Kampuni za mtandao nitazisema kwa ufupi kwa kuwa zinajua wajibu wao. Zipunguze idadi ya wateja kwa anwani moja. Zijibu barua za malalamiko ya uhalifu, ambazo kwa baadhi yao huingia kwenye sanduku lisilofunguliwa. Na zigawe IPv6. Mfumo huo mpya ulizinduliwa rasmi duniani tarehe 6 Juni 2012, una biti 128, na humpa kila mteja fungu lake mwenyewe, hivyo akikosea jirani haadhibiwi mwingine. Simu nyingi mlizonazo mifukoni zinauweza tayari. Kinachosubiriwa ni mtandao kuuwasha.

Waliobaki ni wenye tovuti, na hapa naona wako mafundi wa wizara, vyuo na benki. Kuzuia anwani nzima kuwe hatua ya mwisho, na kuwe na muda wa kuisha. Kizuizi cha saa moja hutosha kwa mashambulizi mengi, na cha milele huja kumkuta mtu mwingine kabisa. Hesabuni maombi kwa akaunti, au kwa kikao cha mtumiaji, badala ya kuhesabu kwa anwani peke yake. Aliyekosea nywila mara tano kwenye akaunti moja ni wa kucheleweshwa. Akaunti mia tano kutoka anwani moja ya kampuni ya simu ni saa mbili usiku ya kawaida. Tofautisheni anwani za vituo vya seva na za mitandao ya simu: fomu ya mkopo wa mwanafunzi haina sababu ya kujazwa kutoka kwenye seva ya kukodi, lakini ina kila sababu ya kujazwa kwa simu. Kwa IPv6 hesabuni fungu zima la /64 kama mgeni mmoja, la sivyo roboti mmoja atawabadilishia anwani kila sekunde.

Msifunge nchi. Nimeona tovuti za taasisi zetu zilizomfungia nje kila asiye Tanzania, na hapohapo waombaji wao wako Muscat, Toronto na Lubumbashi.

Kwenye kumbukumbu za seva andikeni anwani pamoja na namba ya poti na saa sahihi. Pendekezo hilo limekuwepo tangu 2011, na karibu hakuna anayelifuata. Bila poti, polisi wakija na anwani ya kushirikiana kampuni ya simu haiwezi kusema ni yupi kati ya wateja wake, na mtu asiyehusika anaweza kuitwa kituoni kwa sababu ya namba ambayo hata hakujua anaitumia.

Na ukurasa wa kuzuia uandikwe kwa Kiswahili, useme mtu apige simu ipi au aende ofisi gani, na kabla ya siku ya mwisho ya maombi awepo mtu wa kuipokea. Mkirudi kazini fungueni orodha ya waliozuiwa mwezi uliopita, mpange kwa mtandao waliotokea. Mkikuta juu kabisa ni kampuni za simu za nchini, hao si roboti. Ni waombaji wenu.